Venlafaksini kwa joto la kukoma hedhi: nimeitumia nikiwa kwenye tamoksifeni, haya ndo niliyoyaona

Naanza na jibu kwanza maana najua anayetafuta habari kama hizi saa nane za usiku huku shuka limeloa hana muda wa kuzungushwa. Venlafaksini, ambayo kwa asili ni dawa ya sonona, inafanya kazi kwa hili joto. Haimalizi joto lote, asikudanganye mtu, ila kwangu imepunguza zaidi ya nusu, na lile linalobaki ni jepesi, linapita bila kunisimamisha kazi, na usiku nalala. Dawa yenyewe naipa nyota 4 kati ya 5. Huduma ya kuipata hapa Dar naipa nyota 2, na hapo ndo nitakaa sana kwa sababu ndo wanawake wengi wanapokwama na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa nini situmii homoni. Nilitibiwa saratani ya titi, ile aina inayolishwa na homoni ya kike ya estrojeni, nikapasuliwa, nikapigwa mionzi pale Ocean Road, na sa hivi nakunywa tamoksifeni miligramu 20 kila siku. Tamoksifeni kazi yake ni kuizuia estrojeni isifanye kazi kwenye titi, na moja ya maudhi yake makubwa ni hilohilo joto, halafu umri nao umefika hedhi imekoma, kwa iyo nina sababu mbili za kufukuta kwa wakati mmoja. Homoni ndo dawa yenye nguvu kuliko zote kwa joto la kukoma hedhi, hilo sibishani na mtu, na mwanamke ambaye hana kizuizi na daktari wake amemshauri atumie tu. Sisi wa saratani ya namna hii tunakatazwa. Na sio sisi peke yetu, kuna waliowahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, kuna waliopata kiharusi, kuna wenye shida ya moyo, na wapo ambao hawazitaki tu na wana haki yao. Naandika kwa ajili yetu sisi.

Ugumu wa Dar ni kwamba ukisema unasikia joto hamna anayekusikiliza maana kila mtu ana joto. Unamwambia mtu mwezi wa pili kwamba unaungua anakujibu Dar ndo ilivyo, oga maji ya baridi, lala dirisha wazi. Sasa ngoja nieleze tofauti ili ukifika kwa daktari uwe na maneno ya kusema. Joto la Dar linakuja na jua na ukikaa kwenye upepo linapungua. Hili linaanzia kifuani lenyewe, hata kama umekaa chini ya AC, linapanda shingoni na usoni ndani ya sekunde chache, moyo unaenda mbio, jasho linatoka kichwani chini ya hijabu na kushuka mgongoni, dakika chache limeisha, halafu nguo ikiwa imeloa unaanza kusikia baridi. Mimi ofisini kwetu Posta wenzangu wamevaa sweta kwa sababu ya AC, mi nimekaa katikati yao najifuta uso na tishu mpaka tishu inabaki vipande usoni. Kwenye daladala ya jioni ndo usiseme. Na usiku unaamka, unabadilisha dera, unageuza mto, unalala, unaamka tena, baba watoto naye haelewi feni iwashwe au izimwe, asubuhi unaenda kazini umechoka kuliko ulivyolala. Usingizi ndo ulionipeleka kwa daktari jamani, joto la mchana ningeendelea kulibeba, ila kukosa usingizi kunakuharibu akili, unasahau vitu, unamfokea mtoto bila sababu.

Nilivyoelezwa ni hivi. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi, ndo inayosimamia joto la mwili. Ndani yake kuna seli za neva ambazo estrojeni huwa inazituliza. Estrojeni ikishuka zile seli zinachachamaa, zinatoa kwa wingi kemikali inayoitwa nyurokinini B, na ubongo unaanza kuona badiliko dogo kabisa la joto ni hatari. Ni kama kengele ya geti iliyoharibika, inalia hata paka akipita. Ubongo unaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke ili upoe, wakati mwili wala haukuwa na joto la kupozwa. Kwa iyo sio woga, sio majini, sio mtu kakuonea wivu, na sio kwamba umekosa subira.

Na kuhusu subira yenyewe. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa SWAN, umefuatilia wanawake kwa miaka mingi, na matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kwamba kwa wanawake wanaopata joto hili mara kwa mara, nusu yao lilizidi miaka 7.4, na kwa wanawake weusi wa kule nusu yao lilizidi miaka 10.1, ndo waliokaa nalo muda mrefu kuliko makundi yote. Sisi sio Wamarekani najua, ila mtu akikwambia vumilia litapita, muulize mwaka gani.

Daktari wa kwanza niliyemwambia, hospitali moja ya binafsi sitaitaja, alinijibu mama huo ni umri, akaniandikia vitamini. Nililipa pesa ya kumuona daktari kwa sentensi moja. Aliyenisaidia ni daktari wa kliniki ya saratani, na huyo kabla hajaandika chochote alitaka kuondoa magonjwa mengine kwanza. Naomba hili mtu asiliruke, maana hapa kwetu jasho la usiku lina sababu nyingi. Kifua kikuu kinaleta jasho la usiku. Malaria inaleta joto na jasho. Tezi ya thairoidi ikizidisha kazi inaleta joto, moyo kwenda mbio, kupungua mwili. Ukiona jasho limekuja na kikohozi kisichoisha, au homa, au nguo zinakupwaya bila sababu, usikimbilie kusema ni kukoma hedhi, nenda kapime kwanza.

Baada ya hapo ndo akaniambia kuna dawa za sonona ambazo kwa dozi ndogo zinapunguza hili joto hata kwa mtu ambaye hana sonona kabisa. Dawa ya kwanza isiyo ya homoni kupewa kibali kule Marekani kwa kazi hii ni paroksetini ya miligramu 7.5, mwaka 2013, ikaitwa Brisdelle. Mi nikajua ndo nitaandikiwa hiyo. Akasema kwako wewe hapana, hiyo kabisa hapana, akachukua karatasi akanichorea.

Tamoksifeni ukiimeza bado haijawa na nguvu yake kamili. Ini ndo linaigeuza kuwa kitu kinaitwa endoksifeni, na hiyo ndo inayofanya kazi kubwa. Ini linatumia kimeng'enya kinaitwa CYP2D6 kufanya hiyo kazi. Paroksetini inakifunga hicho kimeng'enya, na fluoksetini vilevile inakifunga. Yani unameza tamoksifeni yako kila siku kwa uaminifu kumbe sehemu ya nguvu inapotelea njiani. Mwaka 2010 jarida la BMJ lilitoa utafiti wa Ontario, Kanada, wanawake waliokuwa wanakunywa tamoksifeni pamoja na paroksetini, na kadiri muda wa kuzichanganya ulivyokuwa mrefu ndivyo vifo vya saratani ya titi vilivyoongezeka. Venlafaksini inakigusa kile kimeng'enya kidogo sana, ndo maana kwa sisi wa tamoksifeni inatangulizwa. Sijawahi kuona karatasi iliyonifaa kama ile, nimeitunza kwenye faili la hospitali.

Sasa famasi. Duka la dawa la mtaani kwetu Magomeni hawakuwa nayo na hilo nililitegemea, maduka ya dawa muhimu yana orodha yake ya vitu yanavyoruhusiwa kuuza. Nikaenda mjini kwenye famasi kubwa. Kijana wa kaunta kasoma cheti, kaniangalia.

"Shikamoo mama. Mgonjwa ni nani?"

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa ni mimi."

"Hii lakini ni dawa ya wagonjwa wa akili."

Hakukusudia ubaya, ninaamini hivyo mpaka leo, ila alisema kwa sauti ileile anayosemea bei ya Panadol na nyuma yangu kulikuwa na watu. Nikamjibu taratibu kwamba dawa hii ina kazi zaidi ya moja na mimi nimeandikiwa kwa ajili ya joto la kukoma hedhi. Hakuwa anajua. Akamuita mwenzake, mwenzake naye hakuwa anajua, wakaanza kuulizana pale mbele yangu mama ana shida gani. Nikafikiria ni wanawake wangapi wangeichukua ile karatasi na kuondoka zao, na kuondoka ndo basi, hawarudi tena, wanaenda kufukuta nyumbani kimya. Na hata kama ningekuwa na sonona, sonona ni ugonjwa, sio aibu ya kutangaziwa kwenye foleni.

Famasi iliyofuata ndo iliniogopesha kuliko ya kwanza. Huyo alikuwa mchangamfu, mama karibu, akaangalia kompyuta akasema hii hatuna ila tuna fluoksetini, kundi ni lilelile, bei nafuu, nikupe? Hakuuliza natumia dawa gani nyingine. Hakuuliza kitu. Kama daktari asingenichorea ile karatasi ningelipa nikashukuru na nikaenda nyumbani kuanza kuizima tamoksifeni yangu mwenyewe. Wafamasia wetu, nawaheshimu, mmesoma, tunawategemea sana tena wengine tunawaona nyinyi kabla ya daktari, lakini tafadhali kabla ya kumbadilishia mama wa makamo dawa ya kundi hili muulizeni kama anakunywa tamoksifeni. Ni swali moja tu.

Nilipoipata ni famasi ndogo tu Upanga, mdada kaniuliza hilo swali la kwanza kabisa, unatumia dawa gani zingine mama, akapima presha hapohapo, akasema dawa haipo ila ataagiza na atanipigia, na kweli akapiga. Akaniambia hizi ni vidonge vya kapsuli vinavyotoa dawa polepole, usivitafune, usivifungue ukakoroge kwenye chai, na usiache ghafla. Nyota 2 za huduma ni za huyu mdada.

Katikati ya hizo safari nilipita Kariakoo na ndugu zangu walishanijazia orodha ya mitishamba. Sitawakataza watu vitu vyao ila kwa mtu aliyeugua saratani yangu, unga wa kuambiwa unarudisha homoni za kike ni kitu cha kukimbia, maana kama kweli unazirudisha basi ndo kile ninachokatazwa, na kama hauzirudishi basi nanunua unga. Chama cha wataalamu wa kukoma hedhi cha Amerika Kaskazini mwaka 2023 walipitia ushahidi wote wa njia zisizo za homoni, na soya hawakuipendekeza kwa ajili ya joto hili, ule mmea wa dawa unaoitwa black cohosh nao hawakuupendekeza, na hata klonidini, ile dawa ya presha ambayo madaktari wa zamani walikuwa wanaiandika kwa kazi hii, wameiondoa kwenye mapendekezo.

Matumizi. Unaanza na miligramu 37.5 mara moja kwa siku kama wiki moja, halafu unapanda 75. Siku za kwanza kichefuchefu kilinikamata vizuri, sio cha kutapika, ni kile cha kukinai, harufu ya mafuta ya kukaangia ikipita unasogea. Mdomo mkavu. Miayo isiyo na usingizi. Nikaambiwa niimeze pamoja na chakula, na hapo pakapoa. Nilikuwa naimeza usiku mwanzoni nikaona inanichelewesha kulala nikahamia asubuhi na chai na kitu kizito, kiazi au chapati. Kichefuchefu kilikata chenyewe kabla hata sijazoea 75. Choo kigumu kimebaki, nakula mapapai na matembele na kunywa maji, kinavumilika.

Joto lilianza kupungua mapema kuliko nilivyotegemea. Usiku ndo ulitangulia, siku moja nimeamka na adhana ya alfajiri na dera ni lilelile nililolala nalo, nikakaa kitandani kwanza nikilishika kuhakikisha ni kavu. Mchana ukafuata taratibu. Niliwahi kuuliza kwa nini tusipande zaidi ya 75 ili liishe kabisa, nikajibiwa na utafiti wa daktari Charles Loprinzi wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2000, na washiriki walikuwa wanawake kama mimi, wengi wao wamepitia saratani ya titi. Baada ya wiki 4, ukijumlisha idadi na ukali wa joto, waliopewa kidonge kisicho na dawa walishuka asilimia 27, waliopewa 37.5 walishuka 37, waliopewa 75 walishuka 61, na waliopewa 150 nao 61 ileile. Kwa iyo ukivuka 75 unaongeza maudhi tu. Na hiyo 27 ya kidonge kitupu msiidharau, inaonyesha kwamba joto hili linapungua kidogo kwa wengi wanaohudumiwa na kufuatiliwa, ndo maana dawa yoyote ya mtaani itapata mtu wa kuisifia.

Ukitaka kuilinganisha na homoni yenyewe, kuna utafiti wa 2014 waliweka venlafaksini 75 upande mmoja na estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, ya dozi ndogo ya miligramu 0.5 upande mwingine. Estradioli ilipunguza joto kwa mara 2.3 kwa siku zaidi ya kidonge kitupu, venlafaksini mara 1.8. Mimi nikiona hizo namba sijioni nimepewa makombo.

Kinachonifanya niikate nyota ni kuacha. Kuna mwezi mzigo haukuingia, famasi zote nilizojua hazina, nikakaa siku kadhaa bila dawa. Kizunguzungu, vishoti kichwani nikigeuza macho haraka, machozi ya karibu, na joto likarudi lote kama lilikuwa linasubiri mlangoni. Sio uraibu, nilielezwa, ni mwili unaoshtuka, ila kwa dawa ambayo upatikanaji wake hapa ni wa kuagizia hilo ni tatizo kubwa. Sa hivi sisubiri ya mwisho iishe, ikibaki ya wiki mbili napiga simu Upanga. Ukiweza nunua ya mwezi unaofuata mapema.

Presha pia. Venlafaksini inaweza kuipandisha, hasa dozi ikiwa kubwa, kwa iyo mwenye presha isiyotulia aseme mapema na wote tupime mara kwa mara. Halafu tramadoli! Hapa mjini mtu mgongo ukimuuma anameza tramadoli ya jirani. Ukiwa kwenye venlafaksini usithubutu, zikikutana zinaweza kuleta sumu ya serotonini, kutetemeka, homa kali, kuchanganyikiwa, hata degedege. Mwambie daktari yeyote anayekuandikia dawa ya maumivu. Na kwa tunaofunga, mwezi wa Ramadhani nilihamishia kapsuli kwenye daku baada ya kumuuliza daktari, ni moja kwa siku kwa iyo haina shida, cha muhimu iende na chakula cha kushiba, usiimeze na maji na tende moja ukalala.

Wifi yangu yeye hana saratani, ana historia ya damu kuganda mguuni, amepewa gabapentini ya usiku. Hiyo ni dawa ya kifafa na maumivu ya neva na inapatikana kirahisi zaidi ya yangu. Joto lake kubwa lilikuwa la usiku na gabapentini inaleta usingizi, kwa iyo imemfaa mara mbili, ila asubuhi anaamka mzito na alikuwa anayumba mwanzoni, ngazi za nyumbani alishuka kwa kushika ukuta. Kwa mama mwenye umri mkubwa anayeamka usiku kwenda chooni ningekuwa na wasiwasi wa kuanguka. Kama joto lako ni la mchana na unaendesha gari au una kazi ya hesabu, ningekwambia uulizie ya kwangu kwanza.

Mtaniuliza kuhusu dawa mpya maana watoto wetu wa nje wanatutumia habari zake. Ya kwanza ni fezolinetanti, jina la dukani Veozah, ya kampuni ya Astellas, Marekani waliipitisha Mei 2023. Kidonge kimoja cha miligramu 45 kwa siku. Hii sio dawa ya sonona iliyoazimwa, imetengenezwa kwa ajili ya joto hili, inaenda kuifunga ileile njia ya nyurokinini B kule kwenye haipothalamasi, na kwenye majaribio ilipunguza joto kama mara 2.5 kwa siku zaidi ya kidonge kitupu. Napenda sana kwamba kuna watu walikaa wakatengeneza kitu kwa ajili ya shida yetu. Lakini Desemba 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliiwekea onyo lao kali kuliko yote kwa sababu ya kuumiza ini, kwa iyo lazima upime ini kabla ya kuanza, halafu kila mwezi kwa miezi 3 ya kwanza, halafu mwezi wa 6 na wa 9. Haichanganywi na dawa zinazofunga kimeng'enya cha CYP1A2, na sipro ni mojawapo, ile sipro ambayo hapa watu wanaimeza kwa kila tumbo. Bei yake ilipoingia sokoni Marekani ilikuwa dola 550 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni moja. Tena majaribio yake makubwa hayakuchukua wanawake waliougua saratani ya titi. Ndugu akikuletea kwenye begi toka nje bila mpango wa kupima ini, iache kwenye begi.

Inayonivutia mimi ni elinzanetanti ya Bayer, jina lake Lynkuet, Uingereza na Marekani wameipitisha 2025. Hii inafunga njia mbili za aina hiyo, inamezwa usiku, na moja ya majaribio yake lilifanywa kwa wanawake waliokuwa kwenye dawa za kuzuia homoni kwa ajili ya saratani ya titi, yani watu wa tamoksifeni kama mimi. Hiyo nitaisubiri.

Kwenye bei ya venlafaksini, msing'ang'anie Effexor ambayo ndo jina la kampuni ya mwanzo. Jeneriki, yani dawa ileile ya kampuni nyingine, inatosha, ndo ninayotumia. Hakikisheni tu kwenye boksi imeandikwa XR au ER, yani ile inayotoa dawa polepole, maana ile ya kawaida inamezwa zaidi ya mara moja kwa siku na kichefuchefu chake ni kikubwa zaidi, na ukizoea ya kampuni moja mwambie famasi wakuagizie hiyohiyo. Bima yangu haikulipia, walisema haiendani na ugonjwa ulioandikwa, kwa iyo muombeni daktari aandike sababu wazi kwenye fomu kabla hamjatoka chumbani kwake.

Mpango wangu na daktari ni kuendelea na 75 kwa muda wote nitakaokuwa kwenye tamoksifeni. Siku nikiimaliza hiyo tutashuka kwanza 37.5 kwa wiki kadhaa tuone joto lililobaki ni la kiasi gani, ndo tuamue kama naendelea au naacha.